Kusoma Statiki na Uimara wa Vifaa: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uhandisi

Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi au wa mitambo hukutana na masomo haya mawili mapema, na karibu kila chuo huyapanga kwa utaratibu uleule: kwanza statiki, inayouliza ni kani zipi zinakitendea kitu kilichotulia, kisha uimara wa vifaa, unaouliza kani hizo zinakifanyia nini kitu chenyewe kwa ndani, kama kitahimili, kitanepa kiasi gani, au kitavunjika. Wengi wanaofeli somo la pili huwa wamebeba upungufu kutoka la kwanza. Walifaulu statiki kwa kukariri mifano iliyokwisha kusuluhishwa, na sasa wanatakiwa kukokotoa mkazo unaotokana na kani ambayo hawajui kuipata. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye statiki, na unaifuata boriti moja ya mbao kuanzia kwenye maegemeo yake hadi kwenye mnepo wake.

Hisabati inayohitajika si nyingi. Unahitaji sini na kosini ya pembe, kujumlisha vekta, kusuluhisha milinganyo miwili au mitatu kwa pamoja, na baadaye kidogo kuintegrisha polinomia. Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba sehemu ya mlalo ya kani daima ni kosini, wakati pembe imepimwa kutoka kwenye mstari wa wima. Chora pembetatu kila mara, hata pale unapojiamini.

Mchoro kabla ya mlinganyo

Kazi ya kwanza katika kila swali la statiki ni kuchora gimba huru. Gimba huru ni kitu, au kipande cha kitu, kilichotengwa kwa mawazo na kila kinachokigusa, na mahali pa kila kilichoondolewa pakawekwa kani ambayo kilichoondolewa kilikuwa kikiitoa. Ukiuondoa ukuta, weka kani ya ukuta. Ukiikata kamba, weka mvuto wa kamba ukielekea nje ya kipande ulichobaki nacho. Na usiusahau uzito wa gimba lenyewe, unaoshuka kupitia kitovu chake cha uzito. Juu ya mchoro andika kwa maneno, "Gimba ninalolitazama ni boriti peke yake," au lolote liwalo. Inaonekana kama jambo la kitoto, lakini nusu ya makosa ninayoyaona kwenye madaftari hutokana na mwanafunzi kubadili gimba katikati ya swali bila yeye mwenyewe kutambua.

Kila mshale uliouchora ujibu swali moja: ni kitu gani kinachotoa kani hii? Mshale usio na mtoaji ufutwe. Kinyume chake, kila mahali ambapo gimba linaguswa na kitu kingine pawe na mshale, au pawe na sababu ya kueleweka kwa nini hapana. Na magimba mawili yaliyogusana yakitenganishwa, kani iliyokuwa kati yao hutokea kwenye michoro yote miwili, kwa ukubwa uleule na kwa mielekeo inayopingana. Kamwe haitokei mara mbili kwenye mchoro mmoja.

Kuhusu maegemeo, vitabu huweka jedwali refu la alama, na wanafunzi hulikariri. Si lazima. Egemeo hutoa kani katika mwelekeo ule tu ambao linazuia mwendo. Rola huzuia boriti isishuke lakini huiacha iteleze, kwa hiyo hutoa kani moja. Pini huzuia kushuka na kuteleza, kwa hiyo hutoa kani mbili, ila huiacha boriti izunguke. Boriti iliyozamishwa ndani ya ukuta haishuki, haitelezi wala haizunguki, kwa hiyo ukuta hutoa kani mbili pamoja na momenti, yaani uwezo wa kuzungusha, ambao hupimwa kwa kani mara umbali wake kutoka nukta ya mzunguko. Katika bapa una milinganyo mitatu ya msawazo: jumla ya kani za mlalo ni sifuri, jumla ya kani za wima ni sifuri, na jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote uipendayo ni sifuri. Hesabu visivyojulikana kabla ya kuanza. Vikizidi vitatu kwenye gimba moja, ama ulitenganishe gimba zaidi, ama swali haliwezi kujibiwa kwa statiki pekee.

Anayedhani kwamba mchoro huu ni mapambo ya darasani aisome ajali ya hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, ya tarehe 17 Julai 1981, iliyoua watu 114. Ndani ya ukumbi wa hoteli hiyo njia mbili za kutembelea, ya ghorofa ya nne na ya ghorofa ya pili chini yake, zilikuwa zikining'inia kutoka darini kwa fimbo za chuma. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo moja ndefu kutoka darini hadi njia ya chini, na kila njia ilikaa juu ya nati yake kwenye fimbo hiyo. Ili kurahisisha ujenzi, fimbo hiyo iligawanywa kuwa mbili: ya kwanza kutoka darini hadi njia ya juu, na ya pili kutoka kwenye boriti ya njia ya juu hadi njia ya chini. Litenge sasa gimba la boriti ya njia ya juu, na uite mzigo wa njia moja kwenye kila fimbo P. Katika mpango wa awali, nati iliyo chini ya boriti hiyo inabeba P tu, kwa kuwa mzigo wa njia ya chini unapanda ndani ya fimbo bila kuigusa boriti ya juu. Katika mpango mpya, boriti ya juu inavutwa chini na mzigo wake na pia na fimbo ya pili, kwa hiyo nati ileile inabeba 2P. Mvuto katika fimbo ya juu haukubadilika, ulikuwa 2P tangu mwanzo, na ndiyo maana mabadiliko yalionekana hayana madhara. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata kiungo cha awali kisingefikia uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Michoro miwili ya gimba huru, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuichora kwa dakika chache, ingetosha kuionyesha tofauti hiyo.

Boriti moja, kuanzia maegemeo

Chukua boriti ya mbao yenye urefu wa mita 4, iliyolala juu ya pini upande wa kushoto, A, na juu ya rola upande wa kulia, B. Juu yake kuna mzigo uliosambaa sawasawa wa kilonewtoni (kN) 3 kwa kila mita, pamoja na mzigo wa nukta moja wa kN 8 uliowekwa mita 1 kutoka A. Kwa kutafuta maegemeo, mzigo uliosambaa unaweza kuchukuliwa kama kani moja ya kN 12 iliyo katikati, mita 2 kutoka A. Chukua momenti kuzunguka A, kwa sababu hapo kani ya A inajiondoa yenyewe: kani ya B mara 4 ni sawa na 8 mara 1 kujumlisha 12 mara 2, yaani 32, kwa hiyo B inatoa kN 8. Jumla ya mizigo ni kN 20, kwa hiyo A inatoa kN 12. Kabla ya kuendelea, chukua momenti kuzunguka B uhakikishe: 12 mara 4 ni 48, na upande wa pili 8 mara 3 kujumlisha 12 mara 2 ni 48. Uhakiki huu huchukua nusu dakika, na asiyeufanya hujenga kurasa tatu za hesabu juu ya jibu lenye kasoro.

Sasa ikate boriti. Hii ndiyo hatua inayounganisha masomo mawili, na wengi huipita haraka mno. Ukiikata mahali popote na kukitazama kipande cha kushoto kama gimba huru, kipande hicho hakiwezi kutulia isipokuwa uso uliokatwa uwe unatoa kani ya wima, iitwayo kani ya kukata, pamoja na momenti ya kupinda. Hizi ni kani za ndani, na zilikuwepo hata kabla hujaikata, umezifichua tu. Kumbuka kwamba kani ile moja ya kN 12 uliyoitumia katikati haifai tena hapa. Kipande kilichokatwa kinabeba sehemu yake tu ya mzigo uliosambaa, kwa hiyo kata kwanza, ndipo uukusanye mzigo uliobaki juu ya kipande.

Ukisogea kutoka A, kani ya kukata inaanza na kN 12, inapungua kwa kN 3 kila mita hadi kN 9 kabla tu ya mzigo wa nukta, inashuka ghafla hadi kN 1, kisha inaendelea kupungua hadi kufika hasi 8 kwenye B. Momenti chini ya mzigo wa nukta ni kilonewtoni-mita (kNm) 10.5. Wengi huishia hapo na kuiandika kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa macho yanavutwa na mshale mkubwa. Lakini kani ya kukata bado ni chanya mahali hapo, na momenti huendelea kukua hadi kani ya kukata inapopita sifuri, nayo inapita sifuri thuluthi moja ya mita mbele, kwenye mita 1.33 kutoka A. Momenti kubwa kabisa ni kNm 10.67. Tofauti ni ndogo katika boriti hii. Punguza mzigo wa nukta na uongeze ule uliosambaa, uone pengo linavyopanuka. Kwa upande wa alama za chanya na hasi, chagua utaratibu wa mwalimu wako, uandike kwenye kona ya ukurasa, na usiuchanganye na wa kitabu kingine wiki ya mtihani.

Kenchi za paa hufuata mantiki hiyohiyo na si ngumu kuliko boriti. Ama unatenga kiungo kimoja kimoja, ama unaikata kenchi nzima kwa mstari unaopita kwenye vipande visivyozidi vitatu usivyovijua. Vipande ambavyo hesabu inaonyesha kuwa havina kani visikudanganye ukadhani fundi aliviweka bure: mzigo ukibadilika vitabeba, na vingine vimewekwa ili kipande kirefu kinachogandamizwa kisijipinde.

Kuingia ndani ya kifaa

Somo la uimara wa vifaa lina maswali matatu tu, na kila sura ya kitabu huyarudia kwa umbo jipya. Kani za ndani zinasawazisha nini? Kifaa kinabadilika umbo kwa namna gani? Na kifaa hicho kina tabia gani kinapovutwa au kugandamizwa? Ukiifungua sura ya msokoto wa shafti au ya kupinda kwa boriti ukayatafuta maswali hayo matatu kwa makusudi, kanuni iliyo mwishoni mwa sura hutokea yenyewe, na hulazimiki kuikariri kama namba ya simu.

Anza na nondo. Nondo ya mm 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikivutwa kwa kN 10, mkazo wake, yaani kani inayobebwa na kila kipande cha eneo, ni karibu newtoni 88 kwa milimita ya mraba, ambazo ndizo megapaskali (MPa) 88. Fanya hesabu zote kwa newtoni na milimita, na mkazo utatoka moja kwa moja kwa megapaskali. Anayechanganya mita na milimita hukosea kwa mara elfu au milioni. Moduli ya Young (kipimo cha jinsi kifaa kinavyokataa kurefuka au kufupika) ya chuma cha pua na chuma cha kawaida cha ujenzi ni karibu MPa 200,000, kwa hiyo kila urefu wa nondo hiyo unaongezeka kwa sehemu 0.00044 ya urefu wake, na nondo ya mita 3 inarefuka kwa takriban mm 1.3. Zizoee namba kama hizi hadi uweze kukadiria bila kikokotoo: alumini ni karibu MPa 70,000, na mbao nyingi za ujenzi, kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, ni karibu MPa 10,000.

Turudi kwenye boriti yetu. Tuseme mbao ina upana wa mm 100 na kimo cha mm 200. Inapopinda, nyuzi za juu zinagandamizwa, za chini zinavutwa, na katikati kuna tabaka lisilorefuka wala kufupika. Mkazo unakua kwa kadiri unavyosogea mbali na tabaka hilo. Kwa umbo la mstatili, mkazo mkubwa ni momenti ikigawanywa kwa upana mara kimo cha mraba gawa kwa 6. Hapa ni newtoni-milimita 10,670,000 gawa kwa 667,000, yaani MPa 16. Ilaze mbao hiyohiyo kwa ubavu wake mpana, kimo kiwe mm 100, na mkazo unakuwa MPa 32. Mbao haikuongezwa wala haikupunguzwa, mzigo ni uleule, lakini mkazo umeongezeka maradufu.

Asiyeona mara moja tabaka la kati linakaa wapi asijidharau. Galileo Galilei, katika kazi yake ya mwaka 1638, aliichukulia boriti iliyozamishwa ukutani kana kwamba nyuzi zote zinavutwa kwa kiasi kimoja na boriti inazunguka kwenye ukingo wake wa chini, na hivyo akapata uwezo mara tatu ya ule ambao kanuni ya leo ingeutoa kwa mkazo uleule. Alikuwa sahihi kwamba kimo huhesabiwa kwa mraba wake. Alichokosa ni swali la pili kati ya yale matatu, la namna boriti inavyobadilika umbo. Kanuni tunayoifundisha leo ilipata sura yake iliyokamilika katika mihadhara ya mhandisi Mfaransa Navier iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1826.

Mnepo ni jambo jingine kabisa, na wanafunzi hulichanganya na mkazo. Hapa kinachohesabika ni momenti ya pili ya eneo, kipimo cha jinsi umbo la uso uliokatwa linavyopinga kupinda, ambayo kwa mstatili ni upana mara kimo kwa kipeo cha tatu gawa kwa 12. Kwa mbao iliyosimama ni milimita milioni 66.7 kwa kipeo cha nne. Ukitumia moduli ya MPa 10,000, mzigo uliosambaa unaishusha boriti katikati kwa mm 15 na mzigo wa nukta kwa mm 11, jumla mm 26, ambayo ni karibu sehemu moja ya 154 ya urefu wake. Kanuni nyingi za usanifu zingeikataa, kwa kuwa hudai mnepo usizidi kitu kama sehemu moja ya 250 au ya 360, hata kama mkazo wa MPa 16 ungekubalika kwa mbao ngumu. Boriti inaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado isifae, kwa sababu dari iliyo chini yake itapasuka. Mbao hiyo ikilazwa, mnepo unafika mm 104, kwa kuwa kimo kinahesabiwa kwa kipeo cha tatu. Ukiweka mahali pake chuma chenye umbo lilelile, mnepo unakuwa mm 1.3 tu, ilhali mkazo unabaki MPa 16 uleule: katika boriti kama hii mkazo haujali kifaa, mnepo unajali sana.

Mahali statiki inapogota

Ongeza egemeo la tatu katikati ya boriti, na visivyojulikana vinazidi milinganyo. Hakuna hila ya momenti itakayokusaidia. Lazima uongeze sharti la umbo: katika egemeo hilo mnepo ni sifuri. Mfano ulio wazi zaidi ni fimbo ya chuma iliyobanwa kati ya kuta mbili zisizosogea, kisha ikapashwa joto kwa nyuzi 30 za selsiasi. Statiki inakuambia tu kwamba kuta mbili zinasukuma kwa kiasi kimoja, bila kukuambia ni kiasi gani. Umbo ndilo linalojibu: chuma kingetaka kurefuka kwa sehemu 0.000012 kwa kila nyuzi, kuta zimekataa, kwa hiyo mkazo ni 0.000012 mara 30 mara 200,000, yaani MPa 72, fimbo iwe na urefu wa mita moja au kumi.

Nguzo ndefu nazo zina sheria yao, ambayo Leonhard Euler aliifikia mwaka 1744: mzigo unaoifanya nguzo nyembamba ijipinde ghafla unategemea moduli na umbo, na hupungua kwa mraba wa urefu. Isimamishe rula ya plastiki mezani, ibonyeze kwa kidole kutoka juu, kisha ishike katikati uibonyeze tena. Duara la Mohr (mchoro wa kutafutia mikazo katika mielekeo tofauti) na mikazo ya mielekeo mingi utakutana nayo baadaye. Yaache hadi mambo yaliyotangulia yawe yamekaa.

Namna ya kufanya mazoezi

Kusoma suluhisho ukalielewa si sawa na kusuluhisha. Lifunike jibu, chora, andika milinganyo, ukwame, ukae na kukwama huko kwa muda, ndipo ufunue mstari mmoja tu. Kesho yake lirudie swali lilelile kwenye karatasi tupu. Ukishalipata, libadilishe mwenyewe: sogeza mzigo, geuza rola iwe pini, ondoa egemeo moja, na kabla ya kukokotoa sema jibu litaongezeka au litapungua. Zoezi hili la kubashiri ndilo linalomtofautisha anayejua na anayekumbuka, na halimo kwenye vitabu vingi.

Mweleze mwenzako suluhisho lako kwa Kiswahili, hata kama mhadhara na mtihani ni kwa Kiingereza. Pale utakaposhindwa kueleza ni kani gani inatoka wapi, hapo ndipo pa kurudia. Kisha tazama vitu vilivyo karibu nawe: jukwaa la tangi la maji, ngazi iliyoegemezwa ukutani, kenchi za ukumbi wa shule, na uvichoree magimba huru bila namba zozote. Siku ya maabara, nondo inapovutwa kwenye mashine hadi ikakatike, usiangalie skrini pekee. Angalia nondo inavyonyauka kiuno kabla ya kukatika, na ukumbuke kwamba zege halitoi onyo la namna hiyo.

Programu za kompyuta utazitumia, na hakuna ubaya. Sharti ni kwamba kabla ya kubonyeza kitufe uwe umeandika makadirio yako. Kwa boriti yetu, mzigo uliosambaa pekee ungetoa katikati kNm 6, na mzigo wa nukta, hata kama ungesogezwa hadi katikati, usingetoa zaidi ya kNm 8. Kwa hiyo momenti haiwezi kuzidi kNm 14, na haiwezi kupungua chini ya 6. Programu ikikupa 10.67, endelea, ikikupa 107, rudi kwenye vipimo ulivyoingiza kabla hujagusa kitu kingine.